Je, Wajua? Chungu Kina Kalenda Yake

Je, wajua kwamba muhogo uking'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu, lakini ukiachwa ardhini baada ya kukomaa husubiri miezi mingi bila kudai chochote? Shamba ndilo ghala. Mama wa Mkuranga au Kilifi hung'oa shina la kutosha chungu cha leo, basi.

Je, wajua kwamba dagaa hufuata mwezi? Kigoma na Mwanza huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa kuwa mwanga huwavuta. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, mitumbwi hupumzika na nyavu hushonwa. Mchuuzi wa dagaa anajua mwezi uko wapi hata kabla ya wanaousubiri kwa ajili ya Idi.

Baharini anayetawala ni upepo. Kusi ikivuma, kuanzia Mei hadi Septemba hivi, bahari huchafuka na vyombo vidogo vingi hukaa pwani. Hapo ndipo ng'onda, samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa, anapookoa kitoweo. Kwa ulimi wangu, papa ng'onda wa nazi hamwonei haya samaki mbichi yeyote.

Usukumani jua hufanya kazi hiyohiyo kwa viazi vitamu: vikikatwa na kuanikwa vibichi ni michembe, vikichemshwa kwanza ni matobolwa. Kiazi kimoja, vitafunwa viwili tofauti kabisa.

Je, wajua kwamba kunde ni mboga mara tatu? Wiki chache baada ya kupanda unachuma majani, kisha maganda mabichi, kisha punje kavu za kuweka akiba. Nayo ni mwenyeji halisi wa Afrika, kama mtama na ulezi. Muhogo na mahindi vilitoka Amerika, embe likatoka Asia. Anayeapa kwamba ugali wa mahindi ni chakula cha mababu ahesabu mababu zake vizuri; wa mtama una umri mkubwa zaidi.

Je, wajua kwa nini nyanya hupanda bei wakati wa masika? Unyevu huleta bakajani, na shamba linaweza kuungua majani ndani ya siku chache. Mpishi wa pwani hababaiki, kwani uchachu ataupata kwenye ukwaju, ndimu au embe bichi.

Mwaka 2005 wanawake wanne wa San Francisco, Marekani, waliwaalika watu kula kwa mwezi mmoja vyakula vilivyotoka ndani ya kilomita 160 tu kutoka mji wao. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, kipimo hicho kingefuta mchele wa Kyela na viazi vya Njombe. Kingemwachia mananasi ya Kiwangwa na samaki wa Mafia. Si haba, ila pilau ingeleta ugomvi.

Je, wajua kwamba unga wa ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa? Tunda hujikausha lenyewe mtini, halihitaji kiwanda. Umoja wa Ulaya uliuruhusu sokoni mwaka 2008, ukauorodhesha kama chakula kipya. Kipya!

Mwaka 2021 UNESCO iliorodhesha kazi ya Kenya ya kufufua vyakula vya asili kuwa mfano mwema wa kuhifadhi urithi. Managu na terere ziliwahi kudharauliwa kuwa mboga za maskini. Leo maduka makubwa ya Nairobi huziuza.

Na senene? Kagera na Uganda huja kwa wingi Novemba na Desemba, kisha mara nyingine mvua za Aprili na Mei. Hukatwa mbawa na miguu, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Zamani mila za Wahaya na Waganda zilimkataza mwanamke kuwala, ingawa yeye ndiye aliyewakusanya na kuwaandaa. Katazo hilo limelegea. Lakini Muganda wa ukoo wa Nsenene hawagusi hata leo, awe mwanamume au mwanamke: ndio mwiko wa ukoo wake.