Je, Wajua? Kajiado Ilikuwa Mto Kabla ya Kuwa Kaunti

Je, wajua kwamba jina Kajiado ni jina la mto? Wamaasai walisema Olkejuado, yaani mto mrefu, na baraza la kaunti la zamani lilibaki na jina hilo hadi lilipovunjwa mwaka 2013. Ngong nayo imetokana na Enkong'u e Muny, jicho la maji la kifaru. Nairobi ni Enkare Nyirobi, maji baridi. Msafiri anayetoka Nairobi kwenda Kajiado kupitia Ngong ametaja maji mara tatu. Wazee walioacha majina hayo walijua ni kitu gani kinachofanya nchi ile ikalike.

Je, wajua mahali ambapo Mbuga ya Taifa ya Nairobi haina ua? Mbuga hiyo ilitangazwa mwaka 1946, ya kwanza nchini Kenya, na ni ndogo: kilomita za mraba 117 tu. Upande wa kaskazini, mashariki na magharibi imezungushiwa ua. Upande wa kusini mpaka wake ni maji ya mto Mbagathi, ambao Wamaasai huuita Empakasi. Mnyama akiuvuka tu, ameingia Kajiado.

Na anavuka kutafuta nini? Masika yanapoanza, nyasi za ndani ya mbuga hurefuka na simba hupata pa kujificha. Kule tambarare za Athi-Kapiti, kuanzia Kitengela kushuka Isinya na kuendelea, nyasi ni fupi, zina madini, na nyumbu anayenyonyesha hupata nguvu huku akimwona adui akiwa bado mbali. Kiangazi kikirudi, wanyama nao hurudi mtoni na kwenye mabwawa ya mbuga, kwa sababu maji ya kudumu yako huko. Tambarare hizo zina takriban kilomita za mraba 2,200. Kwa hiyo mbuga ni kisima cha kiangazi, na Kajiado ndiyo malisho ya masika. Ukikata njia kati ya viwili hivyo umeua vyote viwili, hata kama hukumgusa mnyama hata mmoja.

Je, wajua ni nyumbu wangapi waliobaki? Hesabu za kutoka angani za mwaka 1977 na 1978 zilionyesha zaidi ya 26,800 katika tambarare za Athi-Kapiti. Kati ya mwaka 2011 na 2014 walikuwa chini ya 3,000. Katika kila nyumbu 10, walitoweka takriban 9, tena katika maisha ya mtu mmoja ambaye hata hajafika uzee.

Ujangili ulichangia, lakini kilichofanya kazi kubwa ni kipande cha ardhi. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa Wamaasai ranchi za vikundi, ardhi moja chini ya majina mengi. Ranchi ya kikundi ya Kitengela ikagawanywa katika miaka ya 1980, kila mwanachama na hatimiliki yake. Mwaka 1990 sheria ya maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuza nje ilipitishwa, na viwanda vikaja Athi River, mlangoni kabisa mwa Kitengela. Wafanyakazi wakahitaji nyumba, nyumba zikahitaji ploti, ploti zikahitaji seng'enge. Sensa ya mwaka 2009 iliukuta mji wa Kitengela haujafikisha watu 60,000. Ile ya mwaka 2019 ikahesabu zaidi ya 150,000. Simlaumu mfugaji aliyeuza ekari zake ng'ombe walipokufa kwa ukame na karo ikadaiwa, wala mwalimu aliyekopa akanunua ploti ya kujenga. Kila mmoja alifanya lililo haki yake. Lakini nyua elfu za watu wema zinamzuia nyumbu sawasawa na ukuta mmoja wa mtu mbaya.

Je, wajua kwamba walikuwepo waliolipwa ili wasijenge ua? Kuanzia mwaka 2000, familia chache za Kitengela zilianza kupokea dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka. Masharti yalikuwa mepesi kueleweka: usiweke ua, usichimbe timbo la mawe, usiue wanyamapori, acha ardhi wazi wapite. Jambo la busara zaidi katika mpango huo ni tarehe ya malipo. Fedha zilipangwa zifike shule zinapofunguliwa, maana karo ndiyo ilikuwa ikiuza ardhi. Familia nyingi zilijiunga kadiri miaka ilivyokwenda, na tatizo halikuwa watu kukataa bali mfuko kutotosha. Dola 4 haziwezi kushindana na dalali wa ploti, hilo ni kweli, lakini zilithibitisha kwamba mfugaji yuko tayari kuishi na pundamilia ikiwa gharama haimwangukii yeye peke yake.

Je, wajua kwamba ng'ombe hufa kwa kulishwa karibu na ndama wa nyumbu? Ndama hao wanapozaliwa hubeba kirusi kisichowadhuru wao. Kikimpata ng'ombe humletea homa kali, macho yake huingia ukungu, na mara nyingi haponi. Wamaasai walikuwa wakihamisha mifugo kila msimu wa nyumbu kuzaa, wakiamini sumu imo katika kondo la nyuma. Maabara zikaja kuonyesha kwamba kirusi hutoka zaidi kwenye kamasi na machozi ya ndama. Sababu ilirekebishwa, lakini dawa ya wazee, yaani kuwapisha, ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Shida ya leo ni kwamba mwenye ekari 5 hana pa kuhamia. Ndiyo maana watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wamekuwa wakijaribu chanjo katika kituo chao cha Kapiti, ranchi ya takriban hekta 13,000 upande wa Machakos ambako ng'ombe na wanyamapori hula pamoja. Chanjo ya ng'ombe ikifaulu, itakuwa imemwokoa na nyumbu.

Juni 2012 simba 6 waliuawa Kitengela kwa siku moja baada ya kuvamia mifugo. Wakati huohuo, katika eneo hilohilo, kijana Richard Turere alikuwa ameshapata jibu. Alipewa kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake akiwa mtoto. Akajaribu moto, ukawamulikia simba njia. Akajaribu sanamu ya mtu. Usiku wa pili simba wakaizoea. Usiku mmoja akatembea na tochi, akaona kwamba simba huogopa mwanga unaohama. Akachukua betri ya gari, paneli ya sola, kifaa cha kuwasha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi zilizoharibika, akazungusha taa zinazowaka kwa zamu kuzunguka boma. Simba wakaacha kuja. Mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 13, alisimama California akaueleza ulimwengu. Taa za aina hiyo zimeenea hadi nje ya Kenya.

Turudi mtoni.

Je, wajua maji ya Mbagathi huishia wapi? Hukutana na mto Kitengela, huingia Athi, mto wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana. Mbele yake Athi huitwa Galana, kisha Sabaki, na humwaga baharini kaskazini mwa Malindi. Na bahari huweka kumbukumbu! Mwaka 2007 watafiti walichapisha walichosoma ndani ya tumbawe la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300. Matumbawe hukua kwa matabaka, kama pete za mti, na udongo unaofika baharini huacha alama ya madini ya bariamu katika kila tabaka. Kwa miaka mingi alama hiyo ilitulia. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupanda, wakati ardhi ya bara ilipoanza kulimwa na kulishwa kupita kiasi. Mvuvi wa Malindi analipia korongo lililofunguka bara.

Je, wajua kwamba mto mkavu wa Kajiado si mkavu? Mito mingi ya huko ni ya msimu: hutiririka siku chache, kisha hubaki mchanga mtupu. Chini ya mchanga huo maji yamekaa, jua haliyafikii, mbu hawazai humo. Mama huchimba kwa mikono na kibuyu, na tembo huchimba kwa mguu na mkonga. Nafasi iliyo kati ya punje inaweza kubeba maji hadi robo ya ujazo wa mchanga, wakati mwingine zaidi. Sasa fikiria lori linalochota mchanga huo usiku kupeleka kwenye majengo ya Nairobi. Haliibi mchanga tu, linabeba tangi. Mchanga ukiisha hadi kwenye mwamba, mafuriko hupita mbio, kingo hubomoka, visima vya kando hukauka, na punda wa maji hulazimika kwenda mbali zaidi. Makueni walilitambua hilo wakatunga sheria yao ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Huko Ukambani vikundi vya kina mama na wazee hujenga hata kuta ndogo za mawe kukatiza mto ili mchanga ujae nyuma yake. Kajiado ina mito ya aina hiyohiyo, na wajenzi wa mfano huo ni majirani zake.

Je, wajua mto ni wa nani? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inaitaja mito yote kuwa ardhi ya umma. Kanuni za nchi huweka ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kila upande, usiojengwa wala kulimwa. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inawapa wakazi wa bonde moja haki ya kuunda chama cha watumiaji maji na kushirikiana na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kwa hiyo mtu akikuuzia ploti inayogusa maji ya Kitengela au Mbagathi, sehemu ya anachokuuzia si mali yake. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilikuja kuikagua mipaka hiyo. Mito ya bonde la Athi ilivunja kingo, familia zikaondoka usiku, na serikali ikaamuru waliokaa kando ya mito na mabwawa wahame.

Je, wajua kwamba kupanda miti si tiba ya kila ardhi? Kenya imejiwekea lengo la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na kando ya mito na kwenye vyanzo miti ya asili inahitajika sana. Lakini tambarare za Athi-Kapiti ni nchi ya nyasi kwa asili. Udongo wake mweusi huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, na mizizi ya nyasi ndiyo inayoushika. Anayejaza miti ya kigeni pale kwa nia njema anamnyang'anya swala malisho. Kusini zaidi, katika ranchi ya Kuku, wakazi wamechimba makinga-maji ya umbo la nusu mwezi, urefu wa mita 5 hivi, kwa jembe na sururu. Mvua inayokimbia hunaswa, huzama, na mbegu zilizolala huota. Vikundi vya wanawake hulima mashamba ya nyasi, huuza mbegu na majani makavu. Mimi hiyo ndiyo kazi ninayoiheshimu kuliko sherehe za upandaji miche zinazosahaulika kabla ya kiangazi.

Hata ujenzi mkubwa unaweza kuwapisha wanyama. Kule Kipeto, Kajiado, kuna mitambo 60 ya umeme wa upepo, na wako watu ambao kazi yao ni kutazama angani: tai mzoga akikaribia, mtambo husimamishwa.

Reli ya SGR nayo ilipita juu ya mbuga ya Nairobi kwa daraja la takriban kilomita 6, wanyama wakipita chini.

Je, wajua kwamba ramani inaweza kuwa silaha ya jamii? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakazi wa Kitengela walizunguka na watafiti wa ILRI wakiwa na vifaa vya GPS, wakapima ua mmoja baada ya mwingine hadi picha yote ikaonekana. Ramani hizo zilisaidia kuzaa mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto, uliopitishwa mwaka 2011 na Baraza la Olkejuado. Mpango ulitenga mahali pa mji, mahali pa mifugo na mahali pa wanyama. Miaka 2 baadaye baraza likavunjwa na ugatuzi ukaingia. Mwaka 2020 rasimu mpya ya usimamizi wa mbuga ilipotaja ua hata upande wa kusini, wahifadhi wengi walipinga, kwa sababu ua huo ungemaliza habari ya nyumbu wa Athi-Kapiti.

Njia bado ipo, japo nyembamba. Ng'ambo ya Mbagathi hifadhi ya jamii ya Naretunoi imeacha ardhi yake wazi, na wanyama hupita hapo.

Basi wewe unayetafuta ploti Kitengela au Isinya, usiridhike na hatimiliki na bikoni. Omba ramani ya upimaji, uone mto uko wapi. Muulize mzee wa hapo maji ya masika hupita wapi, na nyumbu walikuwa wakipita wapi. Kama umekwisha kununua na hujengi mwaka huu, acha seng'enge dukani. Nyasi zako zikiliwa, zitaota tena mvua ikinyesha.