Sindano ya Ganzi: Mweleze Daktari wa Meno Mambo Haya

Akina mama wengi tunaowahudumia huvumilia jino bovu kwa miezi kwa kuogopa sindano. Wajawazito nao huambiwa na majirani kwamba ganzi itamdhuru mtoto tumboni. Sisi wauguzi twasema wazi: jino lenye usaha ni la kuogopwa kuliko sindano.

Dawa za ganzi ni za aina nyingi. Inayojulikana zaidi ni lignokaini, iliyotengenezwa Sweden mwaka 1943. Mara nyingi huchanganywa na adrenalini kidogo, ambayo hubana mishipa ya damu ili ganzi ikae muda mrefu na damu isitoke sana. Hiyo adrenalini yaweza kuufanya moyo udunde haraka kwa dakika chache. Wengi hudhani wamedhurika na ganzi, kumbe mzio halisi wa lignokaini ni nadra.

Daktari huchagua dawa kwa kufuata hali yako. Basi kabla ya sindano, mweleze:

1. Kama una mimba au unanyonyesha. Lignokaini hutumika kwa wote wawili, na hakuna haja ya kumwaga maziwa. Ganzi yenye felipresini huepukwa kwa mjamzito, kwa kuwa yaweza kuchochea mji wa mimba.

2. Kama una ugonjwa wa moyo au presha, au unatumia propranololi. Daktari aweza kupunguza adrenalini, au kuchagua mepivakaini isiyo nayo.

3. Umri na uzito wa mtoto. Kipimo cha lignokaini kwa watoto ni miligramu 4.4 kwa kila kilo, isizidi. Kwa mtoto wa kilo 15, vichupa viwili vya mililita 1.8 vya dawa ya asilimia 2 tayari vimezidi. Artikaini haishauriwi kwa mtoto aliye chini ya miaka 4.

Penye usaha pana asidi, nayo huidhoofisha ganzi. Ukisikia maumivu usijikaze. Inua mkono, daktari aongeze dawa au achome mahali pengine.

Mkirudi nyumbani, mdomo utabaki na ganzi kwa saa mbili, tatu au zaidi. Mwangalie mtoto asitafune mdomo au shavu lake, kwani hatasikia hadi kidonda kiwe kimeshatokea. Chai ya moto na chakula visubiri hadi ganzi iishe.