Majimbo sita ya miaka 1889–1890 na profesa asiyekubali yasahaulike

Wyoming ina watu wapatao 577,000 kwa sensa ya mwaka 2020. California ina zaidi ya milioni 39. Kila moja hupeleka maseneta wawili Washington, na Wamarekani wengi wameridhika kwamba ndivyo waasisi wa taifa walivyoamua. Heather Cox Richardson, profesa wa historia katika Boston College, anakubali kwamba kanuni ya maseneta wawili ni ya waasisi. Lakini Wyoming haikuwapo enzi zao. Iliingizwa katika muungano mwaka 1890, na walioiingiza walikuwa na hesabu zao.

Hesabu hizo amezianika kwa tarehe. Mwaka 1888 Benjamin Harrison wa chama cha Republican aliupata urais ingawa Grover Cleveland alimzidi kwa kura karibu 90,000 nchi nzima. Chama kikaona umma unakiponyoka, kikatupia macho magharibi. Kati ya Novemba 1889 na Julai 1890 yakaingia majimbo sita: Dakota Kaskazini, Dakota Kusini, Montana, Washington, Idaho na Wyoming. Dakota ilikuwa eneo moja. Ilipogawanywa, maseneta wawili ambao ingestahili wakawa wanne. Siku ya kutia saini, Harrison alizichanganya hati mbili za Dakota na kuyafunika majina, na mpaka leo haijulikani ipi ilitangulia.

Richardson aliyakumbusha haya katika jarida la The Atlantic mwaka 2019. Wakati huo kulikuwa na mvutano kuhusu kuifanya Washington, D.C. kuwa jimbo, na wapinzani walidai kwamba Democrat wanatafuta viti vya Seneti tu. Mji huo una wakazi wengi kuliko Wyoming na hauna seneta hata mmoja. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuufanya jimbo mwaka 2020 na tena 2021. Seneti haikuupigia kura.

Kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu mauaji ya Wounded Knee, yaliyotokea Dakota Kusini mwaka huohuo wa 1890, ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi anavyofanya kazi. Kwa kawaida mauaji yale husimuliwa kama ajali ya mpakani, askari na wenyeji wakiogopana. Yeye anaanzia kwenye sanduku la kura. Katika uchaguzi wa Novemba 1890 chama cha Harrison kilishindwa vibaya katika Baraza la Wawakilishi, kikabaki kuitegemea Seneti, na kiti kimoja cha Dakota Kusini kilikuwa bado hakijajulikana ni cha nani. Wakati huohuo kazi za serikali huko zilikuwa zimegawiwa makada. Mmoja wao, Daniel Royer, alipewa kituo cha Pine Ridge bila kuwajua watu aliotumwa kuwasimamia. Walakota, wenyeji wa huko waliokuwa na njaa baada ya ardhi yao kumegwa na posho ya chakula kupunguzwa, walipocheza Ngoma ya Mizimu, ngoma ya kidini, Royer alipigwa na hofu akatuma simu za maandishi kuomba jeshi. Walakota walimwita Kijana Anayeogopa Wahindi. Jeshi likaja. Tarehe 29 Desemba, kando ya kijito cha Wounded Knee, liliua zaidi ya Walakota 250, wengi wao wanawake na watoto.

Wapo wanahistoria wanaotilia uzito zaidi woga wa walowezi au makosa ya makamanda. Hata hivyo, ukishafuata mlolongo wa Richardson huwezi tena kuitenga Wounded Knee na siasa za Washington.

Tangu Septemba 2019 amekuwa akiandika barua za Letters from an American, akiiweka habari ya siku kando ya hati za zamani, na wasomaji wake wamepita milioni moja. Wakosoaji wanamwona mpiga debe wa Democrat, hasa baada ya kumhoji Rais Joe Biden Ikulu mwaka 2022. Lawama hiyo ina uzito: barua ya kila usiku haiwezi kuwa na subira ya kitabu. Lakini mwandishi huyuhuyu, katika historia yake ya chama cha Republican ya mwaka 2014, alikisifu chama cha Lincoln kwa sheria ya mwaka 1862 iliyowapa wananchi wa kawaida mashamba ya ekari 160. Anakilaumu pale kilipoiacha njia hiyo.

Na Wounded Knee haijafungwa. Askari wapatao 20 walitunukiwa Medali ya Heshima kwa siku ile. Mwaka 1990 Bunge lilieleza majuto yake, bila kuzigusa medali. Muswada wa kuzifuta uliwasilishwa mara ya kwanza mwaka 2019, na haujapita. Mwaka 2024 Waziri wa Ulinzi Lloyd Austin aliagiza zichunguzwe upya. Septemba 2025 mrithi wake, Pete Hegseth, alitangaza kwamba askari wale watabaki nazo na kwamba suala hilo halijadiliwi tena. Wazao wa waliouawa, ambao wamezipinga kwa miongo mingi, hawakubali kwamba waziri anaweza kuufunga mjadala huo.