Kamera Imesimama Upande wa Nani? Utangulizi wa Taaluma ya Usonji katika Tamthilia za Watoto

Karibu katika taaluma changa yenye swali la zamani: mtoto asiyefanana na wenzake anasimuliwaje, na anayemsimulia ni nani? Wanaoishughulikia hukaa na tamthilia za watoto zenye mhusika mwenye usonji, wakazitazama tukio baada ya tukio, wakiuliza yale ambayo mtazamaji aliyechoka na kazi huyaacha yapite. Utangulizi huu nimewaandikia hasa walimu, wazazi na wanachuo wa Kilosa, Mikumi na Ruaha. Ninyi ndio mnaoketi na watoto mbele ya runinga jioni, na mnajua wanacheka wapi na wananyamaza wapi. Taaluma hii inalihitaji jicho hilo.

Usonji ni namna ubongo unavyokua tangu mwanzo wa maisha. Hauambukizi, wala hautokani na malezi mabaya. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, karibu mtu mmoja kati ya 127 anao. Wengine huzungumza mapema na kwa ufasaha, wengine hawazungumzi kabisa. Wapo wanaoumizwa na sauti, mwanga au mguso ambao wengine hata hawausikii, na wapo wanaotulia pale tu mambo yanapokwenda kwa utaratibu uleule wa kila siku.

Historia ya elimu hii ni historia ya lawama pia. Daktari Grunya Sukhareva wa Moscow aliwaeleza watoto wa aina hii mwaka 1925, na mwaka 1943 Leo Kanner akaandika kule Baltimore, Marekani, juu ya watoto 11 aliowachunguza. Kanner aliona pia kwamba wazazi wengi wa watoto hao walikuwa wakavu wa mapenzi. Wazo hilo likakua, na mwaka 1967 Bruno Bettelheim akalitolea kitabu kizima. Kwa miaka mingi mama wa Marekani mwenye mtoto wa aina hii aliambiwa kwamba ubaridi wake ndio uliomfunga mwanawe.

Sisi lawama yetu ilipita njia nyingine. T. O. Beidelman, aliyeishi na Wakaguru wa wilaya ya Kilosa mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu jinsi bahati mbaya ndani ya nyumba ilivyoulizwa: ni nani aliyeileta? Kusini zaidi, Ulanga, Maia Green alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2003 jinsi watu walivyokwenda kunyolewa ili wasafishwe uchawi. Mtoto asiyesema huingia katika swali hilohilo. Atasemwa karogwa, au mama yake kavunja mwiko, au bibi yake kamtoa kafara. Baltimore na Kilosa zilipishana katika jibu, lakini zote mbili zilianza kwa kumtafuta mwenye hatia.

Ndiyo maana napendekeza msomaji aanze na tamthilia ya A Kind of Spark, iliyoonyeshwa na idhaa ya watoto ya BBC kuanzia mwaka 2023. Imetokana na riwaya ya Elle McNicoll ya mwaka 2020, na mwandishi huyo wa Uskoti mwenyewe ana usonji. Mhusika mkuu ni Addie, msichana mwenye usonji. Shuleni anajifunza kwamba zamani wanawake wa kijiji chake waliuawa kwa tuhuma za uchawi, naye anaanza kudai wajengewe kumbukumbu. Tuhuma hizo si za kubuni tu: sheria ya uchawi ya Uskoti ilidumu kuanzia 1563 hadi 1736, watu karibu 4,000 walishtakiwa, na ilipofika 8 Machi 2022 Waziri Kiongozi Nicola Sturgeon aliwaomba radhi kwa niaba ya serikali. Addie anawatazama wanawake hao na kuona kwamba wengi kosa lao lilikuwa kutofanana na majirani. Hahitaji mtu mzima amfafanulie. Anawajua kwa kuwa anajijua. Msomaji wa Kilosa hatahitaji kufafanuliwa pia.

Dai langu kuu ni hili: tamthilia ya namna hii ipimwe kwa mahali kamera iliposimama, kwa sababu hapo ndipo inapoamuliwa nani atabeba lawama. Wahenga walishasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Linganisha kazi tatu. Mwaka 2017 kipindi cha Sesame Street kilimleta Julia, mwanasesere wa miaka minne mwenye usonji. Ndege mkubwa wa kipindi hicho anamsalimia, Julia anaendelea kuchora bila kujibu, na yule ndege anadhani hapendwi hadi aelezwe. Hapo kamera imesimama na jirani. Mwaka huohuo kikatoka kibonzo cha Pablo, kilichotengenezwa Ireland ya Kaskazini na kupewa sauti na waigizaji wenye usonji. Mvulana anachora wanyama, na kila mnyama anabeba sehemu ya mawazo yake; yupo panya anayesumbuliwa na kelele, na yupo lama anayerudia maneno aliyoyasikia. Kamera imeingia ndani ya kichwa cha mtoto. Kwa Addie imesogea tena. Tunatazama kijiji kizima kupitia macho yake, na kijiji ndicho kinachopaswa kujieleza.

Ili jambo hili lishikike, tufanye zoezi. Mama na mwanawe wa miaka tisa wamefika stendi ya Ruaha kusubiri basi la Ifakara. Ni msimu wa kuvuna miwa. Malori yanapita na matela yao kuelekea kiwandani, masizi ya mashamba yaliyochomwa jana yameganda kwenye bati za vibanda, na kijana anayeuza laini za simu anapanga spika zake. Baada ya muda mtoto anaziba masikio, anapiga kelele na kujitupa chini.

Mtunzi wa kwanza anaweka kamera ng'ambo ya barabara. Tunaona watu wakikusanyika, mama akijifunika khanga usoni, muuza mayai akisema huyu kapandwa na mashetani, na mzee mmoja akiuliza kwa nini hachapwi. Pengine tumemhurumia mama. Mtoto hatujamjua.

Mtunzi wa pili anaanza dakika tatu kabla, kamera ikiwa kwenye kimo cha mtoto. Anahesabu magurudumu ya matela, na kila hesabu ikitimia anatikisa vidole kwa furaha. Kisha spika inafunguliwa. Muziki unameza sauti ya mama, jua linapiga bati na kumchoma macho, na mkono wa mpiga debe unamshika bega bila taarifa. Anapoanguka, sisi watazamaji tumekwisha kutamani kuziba masikio. Tukio ni lilelile, lakini sasa anayedaiwa maelezo ni mwenye spika.

Swali la pili la taaluma hii ni la nyuma ya kamera: nani ametunga, na nani anaigiza? Filamu ya Rain Man ya mwaka 1988 ilimfanya Dustin Hoffman, asiye na usonji, kuwa sura ya usonji kwa dunia nzima, na ikaacha dhana kwamba kila mwenye hali hiyo ana kipaji cha ajabu cha hesabu. Katika A Kind of Spark, Addie na dada yake Keedie, wote wenye usonji, wamechezwa na waigizaji wenye usonji.

Kwetu kuna swali la tatu, ambalo vitabu vya nje hugusa mara chache: nani anatafsiri? Katika vibanda umiza tumezoea filamu ya kigeni ipite kwanza mdomoni mwa msimulizi. Lufufu alijijengea jina kubwa kwa kazi hiyo. Msimulizi hodari ana uwezo wa kuihamisha kamera bila kuigusa. Addie akinyamaza, naye akasema "binti huyu kichwa hakimkai sawa", watazamaji wote wamerudishwa ng'ambo ya barabara. Akisema "anasikia kila kitu, anatafuta pa kuanzia", amewaacha walipokuwa. Ufundi wa kutunga wenyewe upo nchini: Ubongo, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, imewafundisha watoto wengi wa Afrika hesabu na sayansi kwa vibonzo vya Kiswahili. Mwanachuo wa Mikumi anayetaka kuandika tamthilia ya aina hii hana sababu ya kusubiri studio ya ng'ambo.

Nisikufiche kwamba tamthilia hizi zina upungufu. Addie ana maneno, na maneno yake ndiyo yanayoshinda mjadala wa kijiji. Mtoto asiyezungumza kabisa bado yuko pembeni ya fremu, na kuna wahakiki wanaouliza kama tumempa nafasi yule tu anayeweza kutushawishi. Mimi naona swali hilo lina uzito kuliko yote niliyoyataja, na nadhani jibu lake litatoka kwa watu wanaoishi na watoto hao.

Kwa hiyo anza hivi. Chagua kipindi kimoja cha Pablo au A Kind of Spark, kitazame mara ya kwanza kama kawaida, kisha mara ya pili ukiwa na daftari. Andika kila kamera inapobadilisha upande, na nani analaumiwa baada ya mabadiliko hayo. Mara ya tatu tazama na watoto, na sasa waandike wao: ni wapi wamecheka, na wamemcheka nani. Kisha badilishaneni madaftari, ninyi wa Ruaha na wenzenu wa Kilosa mjini, kabla ya kusoma mhakiki yeyote, nami nikiwemo.