Kiredio kinachokwenda malishoni na kurudi na matokeo ya dabi

KILOLELI, Simiyu. SIKU ya dabi, saa 11 jioni, shabiki wa Dar es Salaam anawaza tiketi, foleni na jezi. Kiloleli saa hiyo hiyo ng'ombe wanarudi zizini. Ng'ombe hana habari na Simba wala Yanga. Ukimpa dakika mbili tu umeduwaa kwa sababu ya kona, ameshaingia kwenye shamba la jirani, na kesi inafika kwa mwenyekiti wa kijiji kabla refa hajapuliza mapumziko.

Ndiyo maana kwenye shingo ya mchungaji, au kwenye usukani wa baiskeli, utakikuta kile kiredio. Ukubwa wake haupiti kipande cha sabuni ya kufulia. Kina antena ya kuvuta, tundu la memori kadi, tundu la flashi, na vingine vina tochi kabisa. Asubuhi kinapiga nyimbo, jioni kinatangaza mpira, usiku kinamulika njia ya kwenda chooni. Kazi tatu, mashine moja.

Swali linaloulizwa na vijana wa sasa ni kama kitu hicho bado kina maana, wakati simu janja inafanya yote hayo na zaidi. Mijini swali limeshafungwa. Sony walileta Walkman yao Julai 1, 1979 na dunia nzima ikaanza kutembea na muziki wake. Apple wakaleta iPod mwaka 2001, wakaacha kuitengeneza Mei 2022, kwa sababu simu ilikuwa imemeza kila kitu. Mjini ukionekana na mashine ya nyimbo isiyopiga simu, watu watakushangaa.

Kiloleli hesabu zake ni nyingine.

Tuanze na bando. Kusikiliza mechi kwa intaneti, sauti peke yake ya ubora wa kawaida, kunakula kama MB 50 hivi kwa saa mbili. Siyo nyingi. Lakini hakuna shabiki mwenye simu janja anayeridhika na sauti. Ataingia kwenye video, na video ya kasi ya megabiti moja kwa sekunde inamaliza karibu MB 900 kwa muda huo huo. Halafu chaji. Simu yenye kioo kikubwa, data imewashwa, mtandao unatafutwa kwa tabu huko malishoni, inakata moto dakika ya 60 wakati timu yako iko nyuma bao moja. Kuna adhabu kubwa kuliko hiyo?

Kiredio cha memori kinakula FM, na FM ni ya bure. Vingi vinatumia betri ile ile ya simu ndogo za Nokia, BL-5C, ambayo iko kila duka la vocha. Ikiisha unachomoa unaweka nyingine, mpira unaendelea. Simu janja za siku hizi betri imefungiwa ndani kama siri ya kambi. Tena simu nyingi mpya hazina FM kabisa, na zile zilizonayo hazishiki stesheni mpaka uchomeke waya wa spika za masikioni, kwa kuwa waya huo ndio antena yenyewe.

Kwa hiyo kwa shabiki anayeshinda nje kutwa, na anayelala kwenye nyumba ambayo umeme wake ni paneli moja ndogo ya sola, kiredio kinashinda. Na kinashinda kwa mabao, siyo kwa penalti.

NYIMBO ELFU MOJA MFUKONI

Kabla ya mpira kuna muziki, na hapa Usukumani muziki siyo kitu cha kupitishia muda. Wimbo wa dakika nne ukiubana kwa kiwango cha kawaida unachukua MB nne hivi. Memori ya GB 4, ambayo ni ndogo kuliko ukucha, inabeba kama nyimbo 1,000. Kijana anaipeleka kwa fundi mwenye kompyuta senta, anajaziwa, anaondoka nayo. Humo atamchanganya Bhudagala na Bongo Fleva, kwaya ya kanisani na nyimbo za kabumbu za timu yake, bila kumwomba mtu ruhusa (na wasanii wenyewe, ukweli usemwe, hawaambulii hata shilingi kwenye biashara hiyo ya kujaziana).

Wanaoshangaa Wasukuma wanavyogawanyika kwa Simba na Yanga wasishangae sana. Kugawanyika kwa ushabiki wanakujua zamani. Wana Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yaliyotokana na waganga wawili, Ngika na Gumha. Mashindano yao yanajulikana: kila kundi linacheza upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Dawa zinatumika, vituko vinabuniwa, mwingine anacheza na nyoka, mwingine na fisi. Mpaka leo sherehe za Bulabo zinapofanyika Bujora, Kisesa, watu hujaa kuangalia nani atamnyang'anya mwenzake mashabiki. Mtu aliyekulia kwenye mambo hayo ukimweleza kuhusu watani wa jadi na kamati za ufundi, anakutazama tu. Kwake hiyo siyo habari mpya.

KUTOKA NATIONAL HADI MEMORI

Wazee wa Kiloleli hawakuanza na memori. Walianza na redio kubwa za mkulima, National na Philips, enzi ambazo Matsushita walikuwa na kiwanda Dar es Salaam na Philips walikuwa Arusha. Redio ile ilikuwa ya familia, wakati mwingine ya mtaa. Ilivalishwa kitambaa kilichodariziwa, betri zikichoka zinaanikwa juani, na baba mwenyewe ndiye mwenye mamlaka ya kugusa kitufe. Jumapili watu walikaa chini ya mti kumsikiliza Ahmed Jongo au Charles Hilary wa Radio Tanzania wakiwaonyesha uwanja wa Taifa kwa mdomo. Charles Hilary, aliyefariki Mei 2025, alikuwa na ile sauti ambayo ukiisikia unajua mpira uko upande gani hata kabla hajataja jina la mchezaji.

Redio zile zilikuwa na kitu kimoja ambacho viredio vingi vya sasa havina, yaani masafa ya kati. Hayo yalisafiri mbali, hasa usiku. FM haiendi mbali hivyo. Ukiingia bondeni au ukisogea mbali na mnara, mtangazaji anaanza kukoroma, halafu inaingia stesheni nyingine inayopiga taarabu. Anayenunua kiredio bila kujua hilo ndiye anayelalamika baadaye kwamba kauziwa kimeo.

NOVEMBA 5, 2023

Kama kuna siku iliyoonyesha faida ya kutembea na redio, ni hiyo. Kennedy Musonda aliifungia Yanga mapema, Kibu Denis akasawazisha, mapumziko 1-1. Yeyote aliyezima hapo akaenda kukamua ng'ombe wake, aliamini mechi iko sawa. Kipindi cha pili Maxi Nzengeli akafunga mawili, Stephane Aziz Ki moja, Pacome Zouzoua akamalizia kwa penalti. Yanga 5, Simba 1. Aliyeambiwa matokeo hayo njiani na mtu wa Yanga alijua anataniwa. (Wekundu wa Msimbazi msikunje sura, Mei 6, 2012 mlipiga 5-0 na redio zilitangaza vilevile.)

Halafu kuna mechi za kimataifa, ambazo zina tabia ya kuchezwa kipindi cha pamba. Juni 3, 2023 Yanga walikuwa Algiers kurudiana na USM Alger, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, baada ya kufungwa 2-1 Kwa Mkapa. Mechi ilichezwa usiku, saa ambayo mtu aliyeshinda akichuma pamba juani anapaswa awe amelala. Djuma Shabani akafunga penalti mapema, 1-0, jumla 2-2, na Wananchi wakakosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Mei 2025 ikawa zamu ya Simba dhidi ya RS Berkane: 2-0 kule Morocco, 1-1 Zanzibar. Fainali mbili, misimu miwili ya kuuza pamba, na kote huko shabiki wa kijijini hana namna ya kukaa mbele ya televisheni kuanzia uchambuzi hadi hotuba za mwisho. Kiredio kinakaa juu ya gunia. Mikono inachambua pamba, masikio yako Algiers.

Watasema banda umiza lipo. Ni kweli lipo, na raha yake ni nyingine. Ila lina kiingilio, lina umbali, na kwa msichana au mama anayependa mpira kurudi peke yake saa 6 usiku siyo jambo la kulichukulia poa. Mashabiki hao hawahesabiwi sana, lakini wapo, na mpira wao wanaupata jikoni, redio ikiwa imeegeshwa dirishani.

Tena mwenye kiredio ana nguvu ya ajabu akiingia bandani. Picha ya setilaiti hupita njia ndefu, hivyo mara nyingi huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya redio. Wenzake wanaona winga ndiyo kwanza anakokota mpira, yeye kule nyuma ameshapiga kelele za bao. Watu wamewahi kutolewa nje kwa hilo, na wanastahili!

MASIKIO MAWILI, KAZI NYINGI

Sasa upande ambao wauzaji hawausemi. Kiredio kikilia hewani, kila mtu anasikia, na wewe unasikia vingine vyote. Tatizo linaanza pale kijana anapochomeka waya masikioni.

Mkoa wa Simiyu umepakana na Serengeti na mapori ya akiba. Tembo wanatoka, wanaingia mashambani, na wakati wa mavuno watu wanalala nje kulinda mazao. Mlinzi wa shamba aliyeziba masikio yote mawili kwa sababu ya marudio ya uchambuzi hamlindi mtu, anahitaji kulindwa yeye. Tembo na ukubwa wake wote hutembea kimya, na dalili ya kwanza huwa ni tawi kuvunjika au mbwa wa jirani kubweka. Hiyo huisikii ukiwa kwenye dakika za nyongeza.

Bodaboda na baiskeli ni hivyo hivyo. Honi ya lori haisubiri mtangazaji amalize sentensi. Anayetaka kusikiliza akiwa barabarani akifunge kiredio kwenye usukani, sauti ya wastani, masikio yabaki wazi.

Na yapo madhara yanayokuja polepole. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80. Kwa watoto ni desibeli 75. Ukipandisha sauti, saa zinapungua haraka sana. Mchungaji anaanza saa 12 asubuhi na kumaliza saa 12 jioni, siku saba. Akivaa waya muda wote huo, mgao wake wa wiki umeisha Alhamisi asubuhi, tena kama hajagusa kitufe cha sauti. Sikio likifa halina dirisha dogo la usajili.

WACHEZAJI JE?

Wapo wanaowaiga wachezaji wanaoshuka kwenye basi na madude makubwa masikioni. Wale wana sababu yao, muziki unawaondoa kwenye kelele za mashabiki na unawaandaa. Kwamba muziki unamsaidia mtu kuhimili mazoezi, siyo stori ya kijiweni. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alipenda wimbo wa "Scatman", na mwaka 1998 alivunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani, Birmingham, Uingereza, wimbo huo ukipigwa uwanjani. Mapigo yake yaliendana na hatua zake.

Lakini filimbi ikilia, mambo yanakwisha. Sheria namba 4 ya mpira inamkataza mchezaji kuvaa au kutumia vifaa vya mawasiliano vya kielektroniki, ukiacha vile vya kupima mwendo wa mchezaji vilivyoidhinishwa. Kwa vijana wa mchangani wanaogombea ng'ombe wa zawadi, kiredio kinafaa asubuhi kwenye mbio za kutafuta pumzi, barabara ikiwa tupu. Kwenye mazoezi ya timu kiachwe kwenye begi. Beki asiyemsikia kipa wake ni hasara kwa kocha.

KABLA HUJATOA HELA

Anayekwenda kununua asikubali kufanyiwa majaribio kwa memori ya muuzaji. Memori inalia popote, hata ndani ya kisima. Amwambie atafute TBC Taifa, ambayo hutangaza Ligi Kuu, kisha atoke nayo nje ya duka, aivute antena na kuirudisha, ajaribu na Radio Free Africa ya Mwanza na Sibuka FM ya Maswa. Kama inashika dukani Bariadi mjini haina maana itashika malishoni Kiloleli, hivyo ni bora zaidi kuazima ya jirani mwenye aina hiyo hiyo na kutembea nayo siku moja njia yako ya kila siku.

Afungue na mfuniko wa nyuma aone betri. Ikiwa inachomoka, sawa. Ikiwa imegundishwa ndani, arudishe. Na asisahau kununua betri ya pili, aichaji usiku wa kuamkia mechi, aitenge na mtoto anayependa tochi.