Kaseti ya babu: hamishia sauti kwenye simu kabla redio haijaila

Msikilizaji, kila tukigusa mambo ya zamani hewani, hakosi mtu wa kupiga simu kusema ana kaseti ya marehemu baba au bibi kabatini na anaogopa kuiweka kwenye redio. Ana haki ya kuogopa. Mimi mwenyewe nilishafuta sauti ya babu yangu, sekunde kadhaa tu, katikati ya kisa cha safari yake ya kutafuta kibarua. Nilibonyeza kitufe chekundu pamoja na cha kuchezea. Maneno yale hayakurudi.

Kwa nini hayarudi? Kaseti, ambayo kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963, hubeba sauti kwenye utepe wa plastiki uliopakwa unga unaoshika sumaku. Ukibonyeza kurekodi, utepe hupita kwanza kwenye kichwa cha kufutia, ndipo ufike kwenye kichwa cha kurekodia. Hata usipotamka neno, ya zamani yameshafutika.

Kwa hiyo anza na kinga. Tazama mgongo wa kaseti, upande usioonyesha utepe. Pembeni kuna vijipande viwili vya plastiki. Vivunje kwa bisibisi ndogo, na kitufe cha kurekodi kitagoma kushuka.

Sasa redio yenyewe. Zima, kisha chovya pamba kidogo kwenye spiriti ya duka la dawa, ufute kile kichwa cha chuma kinachong'aa na kigurudumu cha mpira kilicho kando yake. Uchafu wa kahawia ukitoka, ujue ni unga wa kanda zilizopita. Acha pakauke, kisha jaribu kwa kaseti usiyoijali. Ikila hiyo, mpelekee fundi. Kaseti ya babu ikaze kwanza kwa penseli, kama tulivyofanya utotoni. Lakini ukiona ukungu mweupe kwenye utepe, usiicheze kabisa. Ukungu huo huhamia kwenye kichwa na kwenye kanda nyingine.

Weka betri mpya. Zikichoka, utepe huenda polepole na babu ataongea kama mlevi, na simu itarekodi hivyo hivyo.

Subiri usiku mtulivu, siyo wa mvua juu ya bati. Simu iweke kwenye hali ya ndege ili isiite, ilaze juu ya kitambaa kama nusu mita mbele ya spika, sauti ya redio iwe ya wastani. Hakuna njia ya mkato: kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 30 kila upande. Ukimaliza, lipe faili jina la msemaji na kijiji, kisha mtumie ndugu mmoja nakala usiku huohuo, maana simu nazo huanguka kisimani.

Kaseti usiitupe. Irudishe kwenye kasha lake, mahali pakavu, mbali na spika, kwa sababu nyuma ya spika kuna sumaku.