Atakayeongoza Shule, Kwanza Awe Mwanafunzi

Iko kazi ambayo watu wengi huidhani kuwa ni kupanda cheo tu, nayo ni kazi ya direkta wa shule. Mwalimu anaacha chaki, anapewa ofisi, funguo na muhuri, nasi tunampongeza. Lakini siku hizi mwalimu anayejitayarisha kwa kazi hiyo hukuta mlangoni jambo ambalo waalimu wa zamani hawakulikuta. Kompyuta, projekta, tableti na simu zimekwisha kuingia darasani, au zinabisha hodi. Yampasa ajifunze kuongoza watu, na papo hapo ajifunze vyombo ambavyo pengine wanafunzi wake wanavishika upesi kuliko yeye.

Wengine husema: "Direkta hana haja ya kujua mashine; atamwachia kijana mmoja anayezijua." Twaona kwamba neno hilo lina hatari. Mtu asiyejua chombo atakinunua kwa sababu kinang'aa, au atakikataa kwa sababu kinamtia hofu. Katika njia zote mbili wanaopata hasara ni watoto, pamoja na wazazi waliouza mihogo na samaki ili walipe masomo.

Tutoe mfano wa kweli. Katika nchi ya Peru, huko Amerika ya Kusini, Serikali ilianza mwaka wa 2008 kugawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za msingi. Zikagawiwa mamia ya maelfu. Wataalamu walichunguza shule 319 za vijijini, na mwaka wa 2012 wakatangaza matokeo. Watoto waliopewa kompyuta hawakuwapita wenzao katika hesabu wala katika lugha. Katika majaribio mengine ya akili walionyesha maendeleo kidogo, lakini masomo yenyewe yalibaki pale pale. Mashine zilikuwa zimefika, bali namna ya kufundisha haikubadilika.

Basi, chombo kinasaidia lini? Tutazame somo la moyo na mzunguko wa damu. Kwa chaki mwalimu huchora vyumba vinne vya moyo, naye hufanya vema. Lakini ubao hauwezi kuonyesha vilango vya moyo vikifunguka na kufungwa. Picha inayotembea yaweza. Hata hivyo, mwalimu akiwasha projekta na kuketi kitini, watoto watatazama sinema: watashangaa, watacheka, kisha watasahau. Mwalimu aliyejifunza hutenda vingine. Kwanza huwauliza watoto damu inatoka wapi na inakwenda wapi, akawaacha wakisie. Ndipo huonyesha picha kwa dakika chache, huisimamisha kabla vilango havijafunguka, na kuuliza: "Sasa damu itapita wapi?" Mwisho huzima mashine, na kila mtoto huchora moyo katika daftari lake bila kutazama.

Mambo hayo hayapatikani katika vitabu vya uongozi peke yake. Hupatikana darasani, mbele ya watoto sitini, siku umeme unapokatika katikati ya somo na mwalimu hana budi kurudia chaki bila kukasirika. Yule aliyepita njia hiyo, siku atakapokuwa direkta na kuingia katika darasa la mwenziwe, hatauliza kama mashine ni nzuri. Atauliza swali moja tu: mashine ikizimwa, watoto wanajua nini?

Tena atajua kupima kabla ya kutumia fedha za shule. Umeme utatoka wapi? Nani atatengeneza chombo kikiharibika? Kitafungiwa wapi, mbali na vumbi na mvua? Atajua pia kwamba kukosa intaneti si mwisho wa habari. Ziko programu, kama Kiwix na Kolibri, ambazo huwekwa katika kompyuta moja pamoja na vitabu na masomo mengi, zikasomwa na darasa zima bila intaneti. Asiyejua hilo atalipia kila mwezi kitu ambacho angeweza kukihifadhi mara moja.

Lakini lililo gumu kuliko yote ni unyenyekevu. Mwalimu mwenye miaka kumi na tano ya kazi huona haya kuketi karibu na kijana aliyemaliza masomo juzi, ili aonyeshwe mahali pa kubonyeza. Wazee walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Watoto wakimwona mwalimu wao akijifunza, hawamdharau. Wanapata kujua kwamba kujifunza si adhabu ya watoto, ila ni heshima ya mtu mzima.

Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, padri wa Reims katika nchi ya Ufaransa (1651-1719), alitutangulia katika njia hiyo. Wakati ule waalimu wengi walimwita mtoto mmoja mmoja asome, na wengine wakikaa bure. Yeye aliwapanga watoto katika madarasa wafundishwe pamoja, wakaanza kusoma kwa Kifaransa, lugha yao, kabla ya Kilatini. Lakini hakuanza na watoto. Alianza na waalimu: aliwakaribisha nyumbani mwake, akala nao, akawatayarisha. Mwaka wa 1950 Papa Pio XII alimtangaza kuwa msimamizi wa waalimu wote. Njia yake ingali inafaa: mpya iingie shuleni, lakini ipitie kwanza mikononi mwa mwalimu aliyetayarishwa.

Ninyi wazazi, mkiombwa mchango kwa ajili ya mashine, ulizeni kwa heshima ni mwalimu gani amekwisha kujifunza kuitumia, na kwa somo lipi. Ninyi wanafunzi mnaojua simu kuliko waalimu wenu, wasaidieni bila kiburi, maana wao walivumilia siku nyingi mlipokuwa hamjui hata herufi ya kwanza. Nasi waalimu tunaojitayarisha kuongoza, tuchukue daftari jipya, tuandike jina letu juu yake, tukae kwenye benchi. Ofisi itangoja.